Mafuriko ya Bukavu na viwanja vinavyouzwa mtoni

Kwa Mhariri,

Kila mvua kubwa inapotuachia misiba na nyumba zilizobomoka hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, husikika maneno yale yale, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mvua inanyesha kwa nguvu, sikatai, lakini naomba nafasi gazetini niseme kwamba sehemu kubwa ya maafa haya tunayatengeneza kwa mikono yetu, na mengine hutiwa saini ofisini.

Tuutazame mto Kahwa. Wakati wa kiangazi ni mto mdogo sana, na ndiyo sababu watu wameudharau. Mwenye kiwanja ukingoni hujenga ukuta wa mawe, baadaye akausogeza hatua mbili kuelekea majini, na jirani wa ng'ambo naye akafanya vivyo hivyo, hadi mto unabaki upana wa mtaro. Vidaraja vya mbao hunasa chupa na mifuko ya plastiki, matope yanajazana juu yake, na maji yakikosa pa kupita huingia majumbani. Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini sokoni bado tunafungiwa nyanya ndani yake. Taka hizo huishia katika Ziwa Kivu, kisha huteremka hadi kwenye bwawa la Ruzizi na kukwamisha mitambo inayotupatia umeme.

Huko juu milimani, miti imekatwa na mahali pake pameezekwa mabati. Maji ambayo zamani yalinywewa na udongo sasa yanashuka yote kwa pamoja, tena yakibeba udongo wenyewe, ambao hutuama mtoni na kukipunguza kina chake kabla ya mvua inayofuata.

Tuliyaona ya Kalehe, kaskazini mwa Bukavu, tarehe 4 Mei 2023, mito ilipofurika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi na kuua zaidi ya watu 400. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Siwalaumu marehemu wale, wala simlaumu mama aliyekimbia vita kijijini akafika Bukavu na kukosa mahali pengine pa kujenga isipokuwa kwenye mteremko au kando ya maji. Namlaumu aliyemuuzia kiwanja kile akijua hatari yake, na afisa aliyempa hati.

Nawaomba wakuu wa jiji waweke alama za mpaka wa mto zinazoonekana na kila mtu, wasitoe tena hati ndani ya mpaka huo, na waliokwisha kupewa hati wapatiwe kiwanja kingine kabla ya nyumba zao kubomolewa. Nasi wakaaji tufanye salongo, yaani kazi ya pamoja ya jamii, ya kuzibua mto na mitaro katika mwezi wa Agosti, kabla mvua za Septemba hazijaanza.

Mkaaji wa Kadutu, Bukavu