Eid Mubarak kutoka Mbagala, na neno kidogo kuhusu kusoma

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na majirani zangu wa Mbagala na mlio mbali. Eid Mubarak, Taqabbalallahu minna wa minkum. Alhamdulillah mwezi umeisha tukiwa wazima ingawa ulikuwa mzito, mchele juu, mafuta juu, nguo za watoto pale Kariakoo unauliza bei unairudisha, na wengi tumefuturu muhogo na chai tukashukuru.

Kwetu hii ni Idi ya kwanza bila Mama, Mungu amrehemu. Mama hakusoma utotoni, alijua kusoma akiwa na mimi mgongoni, darasa la kisomo kule Mkuranga, miaka ile baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza 1970 mwaka wa elimu ya watu wazima. Na 1973 ilipokuja kampeni ya afya ya redioni, Mtu ni Afya, alikuwa kwenye kikundi, wanasikiliza redio, wanajadiliana, kesho yake wanachimba choo. Akazeeka hivyo hivyo, karatasi ya dawa anaisoma yote, na uzeeni kaanza upya tajwid, yaani kusoma Qur'ani kwa matamshi sahihi, pamoja na wajukuu, anasahihishwa na mtoto mdogo kabisa na anarudia aya bila kununa. Mwezi huu nimesomea msahafu wake, nakuta alama za penseli kila alipokuwa anakosea, wallahi nimelia.

Sasa jamani niseme moja. Ramadhani wote tunakuwa wanafunzi, darsa za alasiri zinajaa, juzuu kila siku mpaka 30 zinatimia, halafu Idi ikipita msahafu unarudi juu ya kabati mpaka mwakani. Na sio dini tu, mtu mzima anasema mimi nishapita huko, hata kutuma hela kwa simu anamwachia mtu namba ya siri, akiibiwa analia. Mtume (s.a.w.) katufundisha amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa chache. Basi ukurasa mmoja baada ya alfajiri kabla hujashika simu, mimi na kijana wangu ndo tulivyopanga. Dada zangu mlioishia njiani shuleni, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo, kaulizieni, umri sio kizuizi. Wazazi tusome watoto wakituona, na tusione haya kufundishwa na wadogo zetu.

Mungu azipokee funga zetu, awarehemu waliotangulia na atufikishe Ramadhani nyingine. Mlio karibu pilau ipo mpaka jioni, na watoto waje, mkono wa Idi mwaka huu ni daftari na kalamu, na pipi kidogo.