Nilimshangilia muuaji kwa siku 11

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani uliwashauri wasomaji watenge likizo, wazime simu na kuitazama tamthilia ya televisheni ya Breaking Bad yote kwa mkupuo. Mimi nilikuwa nimeshafanya hivyo. Sehemu zote 62 nilizimaliza kwa siku 11, na tangu hapo kuna jambo linalonikaa rohoni ambalo ningependa wasomaji wenzangu walisikie kabla hawajaketi.

Kwa asiyeijua: Walter White ni mwalimu wa kemia huko Albuquerque, Marekani. Anatimiza miaka 50, anaambiwa ana saratani ya mapafu, mkewe ni mjamzito, naye anaamua kupika dawa za kulevya ili aiachie familia fedha. Bryan Cranston anaigiza vizuri mno, na uzuri huo ndio unaomfanya mtazamaji abebwe.

Chukueni kifo cha Jane, katika msimu wa pili. Jane na mpenzi wake Jesse, kijana anayepika pamoja na Walter, wamelala fofofo kwa heroini. Walter anaingia chumbani, anamtikisa Jesse aamke, na katika kule kutikisa Jane anageuka chali. Anaanza kutapika na kupaliwa. Walter anamwendea haraka, kisha anasita. Anasimama pale pale kando ya kitanda mpaka msichana anakata roho. Machozi yanamtoka, halafu uso unatulia. Na mimi niliwaza nini? Niliwaza, afadhali, maana Jane alikuwa ametishia kumfichua. Sekunde za sehemu inayofuata zikaanza kuhesabiwa kwenye skrini. Sikugusa rimoti.

Walioitazama sehemu hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Mei 2009, walikaa nayo wiki nzima. Ndipo wakamwona baba yake Jane, mwongozaji wa safari za ndege kutoka ardhini, akirudi kazini na msiba bado umemjaa kichwani, na ndege mbili zikagongana angani. Kisha wakasubiri hadi Machi 2010 kumsikia Walter akisimama mbele ya wanafunzi na kuwaambia kwamba ajali hiyo iliyoua watu 167 ni ya 50 tu kwa ukubwa. Miezi karibu kumi ya kubishana: aliyeweza kuokoa asiokoe, ameua au hajaua? Mimi swali hilo lilinipita kabla sijajua kwamba limeulizwa.

Siombi tamthilia hii ipigwe marufuku, wala siamini kwamba inafundisha uhalifu. Waandishi wake, wakiongozwa na Vince Gilligan, waliuweka ubaya wa Walter wazi mapema kabisa. Katika msimu wa kwanza, Elliott na Gretchen, rafiki zake wa zamani wenye mali, wanajitolea kumlipia matibabu. Anakataa kwa kiburi chake tu. Hilo nililiona siku ya kwanza, na kufika siku ya saba nilikuwa nimelisahau. Kila alipotaja familia nilimwamini. Hadi sehemu ya mwisho, anapomkiria mkewe kwamba aliyafanya yote kwa ajili ya nafsi yake.

Mkewe huyo, Skyler, nilimchukia, nami naona haya kuandika hivi. Kosa lake lilikuwa kuuliza mumewe anashinda wapi na fedha zinatoka wapi. Chuki hiyo sikuianzisha mimi: Agosti 2013 Anna Gunn, aliyemwigiza, aliandika katika New York Times jinsi ilivyokuwa kali hata ikamfikia yeye mwenyewe. Nao watazamaji wale walikuwa wakitazama sehemu moja kwa wiki, kwa hiyo siwezi kuitupia haraka yangu lawama zote. Lakini wao katikati ya wiki waliweza kukutana na mtu wa kuwaambia wamekosea. Mimi nilichukia peke yangu, usiku, bila wa kunipinga.

Aliyenipinga ni dada yangu, aliyefika siku ya tisa akaketi nami kwa sehemu moja. Mtoto aliyepita jangwani na pikipiki yake alikuwa ameshapigwa risasi na mmoja wa watu wa Walter. Habari za kutoweka kwake zinatangazwa, Jesse anashindwa kujizuia, Walter anamwambia hata yeye halali kwa kuwaza, aende nyumbani akapumzike. Jesse anapiga hatua chache, na nyuma yake anamsikia Walter akiendelea na kazi huku akipiga mluzi. Dada alinigeukia: “Mtoto wa watu amekufa, na huyu anapiga mluzi?” Nikamjibu kwamba hajui yaliyotangulia. Nilimjibu kwa hasira.

Ombi langu ni moja. Mnapopendekeza kazi kama hii msihesabu tu saa za kuimaliza. Waambieni wasomaji kuna mahali pa kusimama, na muwatajie walau mahali pamoja.

Sasa nimeirudia toka mwanzo, na dada, sehemu moja kila Jumapili. Jumapili iliyopita tulifika pale Jane anapogeuka chali. Ilipokwisha nilizima televisheni. Dada alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama mimi ningemgeuza ubavu yule msichana. Tulikaa mpaka saa saba za usiku.

Msomaji wenu