Barua kwa mwanangu: ile elfu 86

Mwanangu, baba angu, hujambo huko? Hii nakutumia kwenye simu ya mamdogo wako, ukimaliza kusoma mrudishie, usikae nayo ukaanza kucheza gemu maana nakujua.

Nataka tuongee ile elfu 86 iliyokatwa kwenye simu yangu ukinunulia vitu vya gemu lako. Siku ile nilikuita mwizi mbele ya wateja pale gengeni na lile neno bado linanikaba. Hela ilikuwa ya kikoba, sio yangu, ndo maana jazba ilinipanda, naona tu makato elfu 5, elfu 5 tena, mara elfu 12, nikajua nimepigwa na matapeli wa kwenye simu, kumbe aliyekuwa anabonyeza kalala chumba cha pili.

Sasa ulivyoondoka nikalifungua hilo gemu lako la mpira nijionee mwenyewe. Mama yako nimeuza genge miaka 11, biashara naijua. Fungu la nyanya 500, unaliona, unalibonyeza, mbovu unaitoa mbele yangu na mimi nakuangalia tu. Kule kwenu bei hamna! Kila kitu koini. Mchezaji koini 900, haya niuzieni hizo 900, hawana, kuna 550 au 1040, kwa hiyo unanunua 1040 zinabaki 140 ambazo hazinunui kitu mpaka uongeze hela tena. Unamkumbuka Mangi wa kona tulivyokuwa tunamsema kwa kurudisha chenji ya pipi? Afadhali Mangi, pipi yake unailamba.

Halafu kuna ofa, imeandikwa inaisha baada ya masaa 3, na saa inahesabu kabisa, moyo ukanidunda mtu mzima mimi. Kesho yake nikaingia, ofa ile ile, saa imeanza upya.

Kilichonimaliza ni zile pakiti. Kumbe huuziwi mchezaji, unauziwa bahati ya kumpata, yaani mbuzi kwenye gunia, na ukilifungua mara nyingi ni paka. Nafasi ya kumpata huyo staa wao ipo, imeandikwa kwa herufi za sisimizi huko ndani, haifiki hata 1 kwa 100, ila mataa na fataki hizo utadhani umeshinda. Nimekukataza miaka yote kusogelea lile dubwi la pale kwa kinyozi, kumbe unalala nalo kitandani.

Na sio mama yako tu anayesema hivi. Ubelgiji mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ilitamka kwamba pakiti za namna hii ni kamari, wakayataja magemu yenyewe, FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive, na 2019 EA, kampuni yenye hilo gemu la FIFA, wakaacha kuuza FIFA Points, yaani koini zao, kule. Marekani nako Epic, wale wenye Fortnite, Desemba 2022 walikubali kutoa dola milioni 245 za kurudishia wateja, serikali ilidai vitufe vimepangwa kimtego, mtu anataka kuamsha gemu lililolala au anaangalia nguo tu, akigusa kidogo kashanunua, watoto wananunua mzazi haulizwi, na ukipinga makato kwenye kampuni ya kadi wanakufungia akaunti na vyote ulivyolipia vinabaki humo humo. Niliposoma hapo nikakaa chini. Watu wazima wenye kadi zao wamenaswa, sembuse mtoto wa miaka 13.

Ila zile meseji za makato ulizifuta wewe, sio kampuni. Hilo tutaliongea uso kwa uso.

Kingine, uliniambia mama hao wachezaji ni wangu hawaondoki. Baba, kuna gemu la magari linaitwa The Crew, kampuni ya Ubisoft wamelitoa 2014, watu wamelipa hela kamili, Machi 31 2024 wakazima mitambo na gemu likafa, hata anayetaka kuendesha peke yake bila kushindana na mtu haliwaki. Wanasema ulichonunua ni ruhusa ya kucheza. Sasa mimi nikikuuzia sufuria halafu baada ya miaka nije jikoni kwako kulibeba na ugali ndani, mtaa mzima si utaniita mchawi?

Hela ya kikoba nimesharudisha, usiulize nimeitoa wapi. Neno la siri nimebadilisha na siku ya kuzaliwa kwako siitumii tena. Gemu sijalifuta, ukirudi Jumamosi uje ukae na mimi gengeni, wateja wakipungua unifungulie unionyeshe, na neno mwizi nimelirudisha.

Ila mamdogo wako ananiambia kwenye elfu 86 yote ulichoambulia ni golikipa wa akiba. Ni kweli hiyo?

Mama