Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Waandishi wa Michezo Wasio na Mwajiri

Ndugu wanachama,

Katibu ameniomba niwe mfupi kwa sababu hoja ya kurekebisha katiba itatuchukua muda. Nitajitahidi, ingawa mnanifahamu.

Chama hiki cha waandishi wa michezo kilianzishwa na watu wenye mwajiri. Fomu yetu ya kujiunga ina nafasi ya jina la gazeti au kituo, na chini yake nafasi ya mhuri wa mhariri. Mwaka huu maombi mengi yamekuja bila mhuri. Walioomba ni wenye podikasti, wenye chaneli za YouTube, wachambuzi wanaoandika kwa wasomaji wanaowalipa moja kwa moja. Si wageni wote. Baadhi yao tuliketi nao dawati moja hadi siku dawati lilipofungwa.

Hayo hayajatukuta sisi tu. Gazeti la New York Times lilikubali kuinunua The Athletic, tovuti ya habari za michezo, Januari 2022 kwa dola milioni 550, na Julai 2023 likatangaza kulivunja dawati lake lenyewe la michezo. Januari 2024 wafanyakazi wa Sports Illustrated, jarida lililozaliwa 1954, walipewa taarifa za kupunguzwa kazi baada ya kampuni iliyokuwa ikiliendesha kushindwa kulipa dola milioni 3.75 za leseni ya kutumia jina hilo. Jina kubwa namna ile, kumbe limepangishwa.

Upande wa wanaojitegemea nao una habari zake. Mwaka 2019 waandishi wa tovuti ya michezo ya Deadspin walijiuzulu kwa mkupuo baada ya wakubwa kuwataka waandike michezo tu na mhariri wao kufukuzwa. Mwaka uliofuata wengi wao wakaanzisha tovuti ya Defector, wanayoimiliki wenyewe na inayoishi hasa kwa ada za wasomaji. Kwenye matangazo ya video mambo yamekwenda mbali zaidi: Novemba 2022 CazéTV, chaneli ya Brazili, ilirusha mechi za Kombe la Dunia moja kwa moja kupitia YouTube, na Agosti 2025 Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ilimpa Mark Goldbridge na chaneli yake ya YouTube mechi za Ijumaa kwa watazamaji wa Uingereza. Huyo ni mtu aliyejulikana kwa kufoka kama shabiki wa Manchester United.

Lakini naomba tusishangilie kupita kiasi. Mwandishi wa Marekani Bill Simmons alianzisha The Ringer, tovuti na podikasti, 2016 baada ya kuachana na ESPN, kituo kikubwa cha televisheni cha michezo, na mwaka 2020 ikauzwa kwa Spotify. Pat McAfee, mchezaji wa zamani wa soka la Marekani, alijenga kipindi chake mwenyewe, kisha 2023 akakipeleka ESPN. The Athletic yenyewe ilianza 2016 ikitamba kwamba itayamaliza magazeti, leo inaishi ndani ya gazeti. Kujitegemea, kwa wengi, ni kubadili bwana. Aliyekuwa akimwogopa mwenye gazeti sasa anauogopa mtandao unaoamua video ipi ionekane, na kampuni ya kubashiri inayolipia kipindi.

Kwa hiyo Kamati ya Utendaji iliamua kwamba mwanachama anayelipwa na kampuni ya kubashiri alitamke hilo ndani ya kipindi, kwa sauti, si kwa maandishi madogo chini ya video. Nimepokea simu za hasira kuhusu uamuzi huo. Sitauondoa.

Jambo linaloninyima raha ni habari nzito. Gazeti la Indianapolis Star lilipofichua mwaka 2016 jinsi shirikisho la mazoezi ya viungo la Marekani lilivyokalia malalamiko ya unyanyasaji, hata Larry Nassar, daktari wa timu, akafikishwa mahakamani, kazi ile ilihitaji waandishi kadhaa, miezi ya kuchimba na gazeti lililokuwa tayari kwenda mahakamani kudai nyaraka. Mtu mmoja na kamera yake angefika wapi? Najua mtanitajia Andrew Jennings, mwandishi wa Uingereza aliyeiandama FIFA kwa miaka mingi hadi akapigwa marufuku kwenye mikutano yake na wanahabari. Ni kweli. Ila hata yeye kazi zake kubwa za televisheni zilipita BBC, yenye wanasheria wake.

Mwanachama wetu mmoja anayejitegemea alifika baada ya mechi kwenye njia wanayopita wachezaji kuhojiwa. Wenye haki za matangazo wako mbele, magazeti yanafuata, na yeye amesukumwa nyuma ya kizuizi, simu ameifunga kwenye kijiti. Msimamizi akamwambia alete barua ya mhariri. Akajibu, “Mhariri ni mimi.” Wakacheka, akatolewa nje. Kesho yake klabu hiyohiyo ilimtumia ujumbe: ingempa tiketi na nafasi ya kumhoji kocha, mradi maswali yapitiwe kwanza. Alikataa, na hakuwa na wa kumlalamikia ila sisi. Tuliandika barua, na msimu huu anaingia kwa kitambulisho cha chama.

Malalamiko ya video kuondolewa mtandaoni kwa madai ya hakimiliki yamekuwa mengi kuliko yote, na mengi ni vipande vya sekunde chache vilivyotumika kuchambua bao. Wakili wetu ameyashughulikia kwa kujitolea. Hatuwezi kuendelea hivyo.

Hoja iliyo mbele yenu basi ni hii: mhuri wa mhariri uondoke kwenye katiba, na badala yake mwombaji aonyeshe kazi za mwaka mzima, ataje nani anamlipa, na akubali kusahihisha kosa mahali palepale alipolifanyia. Pamoja na hilo, sehemu ya ada ya kila mwanachama, aliyeajiriwa na asiyeajiriwa, iende kwenye mfuko wa wakili. Wazee wa chama wameuliza kwa nini mwenye mwajiri achangie. Mweka Hazina ataeleza hesabu zake kabla hatujapiga kura.