Barua kwa mwanangu: baiskeli ya kupanda Ipogolo

Mafinga

Mwanangu,

Kamwene. Huku baridi imekaza, asubuhi majani yanaamka meupe kwa sakitu. Ulinieleza kwamba nauli ya kupanda kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini kila siku inakumaliza, na kwamba umeshatunza laki mbili za baiskeli. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huwa unaitikia "sawa mama" halafu unafanya lako.

Unataka ya giya nyingi kwa sababu ya kile kilima. Mimi nasema chukua ya giya moja. Kwa pesa hiyo, giya utakazouziwa ni za kupendeza macho tu. Mwezi wa pili tu tangu ununue, mnyororo unaruka meno na fundi anakuambia kifaa hakipatikani. Ya giya moja fundi yeyote aliyekaa chini ya mti anaifungua na kuifunga akiwa anapiga soga.

Ila kabla ya kulipa, hesabu meno yanayoshika mnyororo, mbele na nyuma. Kama mbele yako 44 na nyuma 18, ukikanyaga mzunguko mmoja, gurudumu linazunguka mara mbili na karibu nusu. Tambarare utafurahi, ila ukitoka pale mto Ruaha Mdogo kuanza kupanda utasimama magoti yanatetemeka. Mwambie fundi akufungie nyuma friwili ya meno 20, au 22 ikipatikana, na mnyororo ukiwa mfupi aongeze pingili. Utapungua mwendo barabara ikinyooka, sawa, nani anakukimbiza? Na ukishindwa, shuka usukume. Marehemu baba yako alisukuma pale miaka yote na akafika.

Kinachoninyima usingizi ni kushuka. Ile baiskeli yetu ya Phoenix ilikuwa na breki za vyuma na rimu za chuma zinazong'aa. Kuna Machi moja nilikuwa natoka mjini na tenga la nyanya kwenye karia, mvua ikanikuta katikati ya mteremko. Nikabana breki mpaka vidole vikauma, baiskeli ikaendelea kama vile sijashika kitu, kwa sababu chuma kikilowa raba inateleza tu. Nikaona bora mtaro kuliko lori. Nyanya zilinitangulia kufika Ipogolo.

Kwa hiyo tafuta yenye rimu za alumini. Beba sumaku ya spika mbovu ya redio, iguse kwenye rimu: ikinasa, hicho ni chuma. Hata alumini ikilowa inachelewa kushika, ila siyo kama ile yetu. Utakutana pia na zenye breki ya kukanyaga nyuma. Nazipenda, kwa sababu breki iko ndani ya habu, pale katikati ya gurudumu, na mvua haiifikii. Lakini inategemea mnyororo. Ukichomoka, huna breki. Usiichukue kama mbele hakuna breki ya mkono. Na zile ambazo pedali haziachi kuzunguka hata ukishuka mlima, waachie vijana wanaojionyesha.

Kwa kuwa unaenda kazini na sketi, mtumba wa Kijapani wenye fremu ya kike na bati la kufunika mnyororo utakufaa sana. Angalia tairi, wengi wanaumia hapo. Kuna 26 kwa 1 3/8 na kuna 26 kwa 2.125, zote zinaitwa ishirini na sita na haziingiliani hata kidogo. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi: moja imeandikwa 590, nyingine 559. Iandike kwenye karatasi kabisa, kisha uulize madukani kama tairi la namba hiyo lipo. Kama halipo, hata iwe nzuri vipi, iache.

Rangi mpya nayo isikuvutie. Baiskeli ya kwanza niliyonunua kwa pesa yangu ilikuwa nyekundu, inanukia rangi bado. Wiki ya tatu fremu ikafunguka shingoni, kumbe ilikuwa imechomelewa na kupakwa juu. Aliyeniuzia akaniambia nimebeba mizigo kupita kiasi. Mizigo gani, ilikuwa daftari na mwavuli! Pitisha kucha pale bomba zinapokutana chini ya usukani. Ukikuta uvimbe au ufa, mshukuru muuzaji uondoke. Kisha inua gurudumu la nyuma, lizungushe, uangalie kama linayumba kati ya raba za breki. Shika krenki, ule mkono wa pedali, uitikise kushoto na kulia: ikicheza, huenda gololi zimeisha, umwombe apunguze bei.

Usimalize laki mbili zote. Bakiza ya kufuli, taa na raba mpya za breki.

Jumamosi nakutumia gunia la viazi kwa basi la asubuhi. Ndani, katikati ya viazi, kuna kitambaa cha bluu: humo mna pampu na spana namba 15 ya baba yako, ile iliyoliwa kidogo mdomoni. Usimwazime fundi, mafundi hawarudishi.

Mama yako