Kabla ya kukodisha mlima, tuonyesheni maji yetu yatapita wapi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu mpango wa kujenga kituo cha burudani kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wetu wa Bungoma. Tumeambiwa kutakuwa na vyumba vya wageni vya mbao, kidimbwi cha kuogelea, kamba ya kuserereka juu ya bonde, na njia za kuendeshea pikipiki za magurudumu manne. Picha tulizoonyeshwa zinapendeza, sikatai. Ila katika picha zote hizo sikuona bomba letu la maji.

Kijiji chetu hakina pampu. Tunategemea chemchemi iliyo juu, karibu na mpaka wa msitu. Maji huingia kwenye kisanduku cha saruji ambacho wazazi wetu walikijenga kwa harambee, kisha hushuka yenyewe kwa bomba hadi shuleni, zahanati na kwenye mifereji michache ya kuchotea. Ikifika Februari, kiangazi kimekolea, mfereji hutoa uzi tu na mitungi hupangwa foleni tangu alfajiri. Sasa panda ukajionee. Kuna bikoni, yaani alama ya mpaka ya wapima ardhi, yenye rangi nyekundu hatua chache juu ya kile kisanduku, na nyingine chini yake, karibu na ile migomba. Maana yake chemchemi imo ndani ya kipande kinachotakiwa. Nilimuuliza kijana mmoja wa wapima ardhi kama analijua hilo. Akanijibu kwa heshima, "Mzee, mimi nimepewa ramani tu." Akanionyesha kwenye simu. Barabara ilikuwemo, mistari ya miinuko ilikuwemo, chemchemi haikuwemo.

Wageni wataoga, shuka zitafuliwa, kidimbwi kitajazwa na kubadilishwa maji. Yatatoka wapi, na kwa kipimo gani? Na maji taka yatateremkia wapi, ikiwa sisi ndio tulio chini? Maswali haya niliyauliza mkutanoni nikajibiwa kwamba "wataalamu wanashughulikia". Sheria ya Maji ya mwaka 2016 haina kigugumizi: matumizi ya nyumbani hutangulia matumizi mengine yote. Na anayetaka kuchota maji kwa biashara ni lazima apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Nimeuliza kama kibali kimeombwa. Bado nangoja jibu.

Wala hili si la kijiji kimoja. Elgon huhesabiwa pamoja na Mau, Mlima Kenya, Aberdare na Cherangani kuwa vyanzo vitano vikuu vya maji nchini. Vijito vya huku huingia mto Nzoia kuelekea Ziwa Victoria na mto Malaba kuelekea Ziwa Kyoga nchini Uganda, na upande wa pili mto Suam hushuka ukawa Turkwel hadi Ziwa Turkana. Udongo ukichimbuliwa huku juu, mwananchi wa Budalang'i, kule chini Nzoia inakokaribia ziwa, ataupokea mlangoni pake mvua za masika zikifika.

Nije kwenye mkutano wenyewe, maana hapo ndipo penye uchungu. Uliitishwa siku ya soko. Kila mtu wa huku anajua kwamba siku hiyo akina mama wengi wako njiani na vitunguu na viazi vyao tangu alfajiri. Tuliofika tuliketi chini ya mikaratusi ya shule, tukapewa soda, na karatasi ikazungushwa: jina, nambari ya kitambulisho, simu, saini. Juu ya karatasi hapakuwa na maandishi yoyote. Tuliambiwa ni ya pesa ya nauli, na kweli nauli ilitolewa. Majuma kadhaa baadaye nakala ya karatasi ileile ikaonekana ikiwa na kichwa kilichochapwa vizuri: wakazi walioridhia mradi. Jina langu limo. La jirani yangu limo pia, naye alisimama akapinga mbele ya watu wote. Hata bibi mmoja aliyefika kumchukua mjukuu wake shuleni, akapewa kalamu kwa kuwa alikuwa karibu, naye "ameridhia".

Sehemu kubwa ya kipande hicho ni kilima cha malisho kisicho na hati ya mtu binafsi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema mkataba na mwekezaji haufai kitu mpaka upitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo, na akidi ya mkutano wenyewe nayo iwe theluthi mbili. Waliokuwa chini ya mikaratusi siku ile hawakufika hata robo ya watu wazima wa kijiji. Sehemu iliyobaki ni mashamba ya familia, na huko nasikia baadhi ya wazee wameshapokea malipo ya awali bila wake zao kujua. Bodi ya ardhi isimpe mtu ruhusa kabla mke hajaitwa akasema neno lake. Shamba analolima mama miaka yote lisiuzwe hotelini mjini juu ya sahani ya nyama choma.

Kuna jambo lingine linalonichekesha kidogo, ingawa si la kuchekesha. Sisi wakulima tumesumbuliwa miaka mingi kuhusu miteremko. Kanuni za kilimo zinakataza kulima mahali ambapo mwinuko unazidi asilimia 35, yaani ardhi inapanda zaidi ya mita 35 kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Tumetishiwa kushtakiwa, tumechimba matuta, tumepanda majani ya nepia kingoni. Na ilikuwa haki kutukataza. Machi 2010 maporomoko ya ardhi yalifukia watu Bududa, upande wa Uganda wa mlima huuhuu, na Novemba 2019 yakaua makumi ya watu kule Pokot Magharibi. Je, mteremko ambao jembe la mkono haliruhusiwi, tingatinga linaruhusiwa? Hizo njia za pikipiki zitakuwa mifereji ya mvua kabla ya mwaka kwisha.

Kuhusu ajira sina mengi. Vijana wetu wanahitaji kazi na sitamcheka anayeingojea. Lakini ahadi iliyotolewa ni ya maneno matupu, haina idadi, haina mishahara, wala haisemi kama watachukuliwa wapishi na waongozaji watalii au walinzi wa lango peke yao. Mbuga ya kitaifa ya Elgon ipo tangu 1968, kwa hiyo utalii si mgeni kwetu. Wako vijana hapa wanaojua njia zote za kupanda hadi kilele cha Koitobos, na wangefaidika zaidi na barabara inayopitika wakati wa mvua kuliko na kamba ya kuserereka.

Tena mapango. Mwekezaji anasema wageni watatembezwa mapangoni, na ni kweli mapango ya Elgon ni ya ajabu. Kitum ni pango ambalo tembo huingia usiku wakachimbua chumvi ukutani kwa pembe zao, na mapango mengine babu zetu waliishi humo na ng'ombe wao. Lakini hakuna aliyetaja popo. Mwaka 1980 na mwaka 1987 watu wawili waliokuwa wamezuru Kitum waliugua homa ya Marburg wakafariki, na wataalamu huwashuku popo kuwa ndio wanaobeba virusi hivyo. Sisemi mapango yafungwe. Nasema anayetaka kuingiza makundi ya watoto wa shule mle ndani aeleze kwanza atawakinga vipi.

Wapo watakaosema tunarudisha maendeleo nyuma. Nawaomba watazame Chepkitale, huko juu yetu. Mwaka 2000 ardhi ya jamii ya Waogiek ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na ikawabidi wapigane mahakamani hadi mwaka 2022 ndipo wapate uamuzi wa kuwapa haki. Kaunti inayotaka wageni haiwezi kupenda kesi ya namna hiyo iwe lango la hoteli yake.

Tunachotaka ni karatasi. Ramani itolewe ikionyesha chemchemi, bomba na vijito vyote. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iletwe ofisi ya chifu, isomwe kwa Kiswahili na kwa Kisabaot, si kubandikwa kwenye tovuti kwa Kiingereza cha kurasa mia mbili. Mkutano uitishwe upya siku isiyo ya soko, na watu wahesabiwe. Chemchemi na eneo linaloizunguka viondolewe kabisa kwenye kipande kinachokodishwa, na hilo si la kujadiliwa bei. Mwekezaji akikubali hayo nitakuwa wa kwanza kumuuzia viazi.

Na kwa jirani zangu ambao majina yao yamo kwenye orodha ile bila idhini yao: andikeni barua ya kuyaondoa, kila mtu yake, mtaje nambari ya kitambulisho na tarehe ya mkutano. Nakala moja ipelekeni ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nyingine kwa chifu, na ya tatu mbaki nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Mkulima,
Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma