Kabla hamjalipia shamba: habari za kijiji cha Zoar

Moshi

Ndugu yangu mpendwa Baba Upendo,

Salamu nyingi kutoka huku, nyumbani wote wazima. Umeniuliza kuhusu Zoar, kile kijiji cha jimbo la Ohio, Marekani, kwa kuwa ushirika wenu hapo Arusha unataka kununua shamba na kuishi kwa mfuko mmoja. Nakuandikia kwa kirefu, maana historia ya kijiji kile inagusa maswali ambayo ni lazima kamati yenu iyajibu: hati iandikwe kwa jina la nani, anayetoka aondoke na nini, na mtoto aliyezaliwa humo ndani aingieje.

Waanzilishi walikuwa Wakristo wa Württemberg, Ujerumani, waliojitenga na kanisa la serikali. Walikataa jeshi, wakakataa kuwapeleka watoto kwenye shule za kanisa hilo, wakaishia vifungoni na kunyang'anywa mali. Mwaka 1817 walivuka bahari mpaka Philadelphia wakiongozwa na Joseph Bimeler. Waquaker wa mji huo, Wakristo wa madhehebu yanayopinga vita, wakawapokea na kuwakopesha, nao wakanunua ekari 5,500 hivi za msitu kando ya mto Tuscarawas. Bei ilikuwa dola 3 kwa ekari, deni la miaka 15, na mitatu ya mwanzo haikuwa na riba. Kijiji wakakipa jina la ule mji mdogo aliokimbilia Lutu, Mwanzo 19.

Sasa angalia hapa, maana wengi hupakosea. Mali ya pamoja haikuwamo katika mpango wa awali. Kila familia ilikuwa ikatiwe kipande chake na kukilipia. Lakini wazee na wanyonge hawakuwa na uwezo wa kulipa, na wenye nguvu wangewaacha nyuma. Tarehe 19 Aprili 1819 wakatia sahihi mkataba wa kuunganisha mali zote, wanaume 53 na wanawake 104. Wanawake nao walipiga kura kuchagua viongozi. Mwaka 1822 walifikia hata kusimamisha ndoa kwa miaka kadhaa, kwa kuwa nguvukazi ilikuwa haba na deni lilikuwa likiwakabili.

Deni lenyewe lilimalizwa na mfereji. Si wa kumwagilia kama mifongo yetu, bali wa kupitisha mashua, ulioitwa Ohio na Erie, uliopita katikati ya ardhi yao. Badala ya kuwaachia wakandarasi wa nje, waliomba kuchimba wenyewe sehemu yao ya maili 7 hivi, wakalipwa takribani dola 21,000. Mashua zikaanza kuchukua unga, vitambaa vya sufu na vyuma vyao hadi masoko ya mbali. Mfereji huohuo ndio ulioleta kipindupindu mwaka 1834. Watu wengi walikufa, na kwa kukosa mikono wakazidi kuajiri vibarua wa nje. Kwangu mimi hapo ndipo usawa ulipoanza kulegea, kwa sababu kibarua alilipwa taslimu na mwanachama hakulipwa.

Kuhusu hati, walifanya jambo ambalo nawasihi msilirudie: ardhi iliandikwa kwa jina la Bimeler peke yake. Alikuwa mwaminifu, na karibu na kifo chake mwaka 1853 aliirudisha kwa chama kwa wosia. Hata hivyo jina lile liliwapeleka mahakamani. Mwanachama Johannes Goesele alifariki mwaka 1827, na baadaye warithi wake wakadai fungu lake. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1852 warithi wakashindwa, kwa hoja kwamba marehemu alikwisha kuachia umiliki binafsi alipotia sahihi. Chama kiliokolewa na maneno ya mkataba. Ninyi sajilini bodi ya wadhamini RITA kwanza, yaani kwa wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ndipo mnunue kwa jina la bodi. Msikubali mchungaji ashike hati "kwa muda".

Utaratibu wao wa kupokea watu ni mzuri, unafaa kuigwa. Baada ya kusajiliwa kisheria mwaka 1832 walikuwa na ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ilikuwa ya majaribio, angalau mwaka mmoja; mtu akiondoka alirudishiwa alichokileta, bila riba. Ngazi ya pili alikabidhi kila kitu moja kwa moja. Watoto wa kijijini nao walipitia njia hiyo wakishakuwa watu wazima. Hakuna aliyehesabiwa mwanachama kwa kuzaliwa tu.

Katikati ya kijiji walitengeneza bustani nzima kwa mfano wa Yerusalemu mpya: msprusi mmoja, mti unaofanana na msonobari, katikati kama mti wa uzima, mireteni 12 kuuzunguka kwa ajili ya mitume, na njia zinazotoka katikati kwenda pande zote. Kando yake palikuwa na nyumba ya vioo iliyopashwa joto kwa makaa chini ya sakafu, na malimau yalistawi humo wakati wa theluji. Sifa zake zilivuta wageni, na wageni wakajaza hoteli ya chama.

Hoteli iliingiza fedha nyingi, na ndiyo iliyowaponza. Waliohudumu pale walipewa bakshishi, wengine wakauza mayai na kufua nguo za wageni, na hela hizo hazikuingia kwenye mfuko. Jirani wa mlango wa pili hakuwa na senti. Mahubiri nayo yalikuwa ya kusomwa tu: kijana mmoja alikuwa ameyaandika maneno ya Bimeler kwa ajili ya baba yake kiziwi, na baada ya kifo cha Bimeler maandishi hayo ndiyo yaliyosomwa kila Jumapili. Vijana hawakumjua aliyeyasema. Mwaka 1898 wakapiga kura kuvunja umoja, na kila mwanachama akapata ekari 50 hivi na takriban dola 200.

Kijiji kipo hadi leo, wakazi wake hawafiki mia tatu, nyuma ya tuta la kuzuia mafuriko lililojengwa miaka ya 1930.

Nitumie rasimu ya katiba yenu kabla ya kulipa kianzio. Nitaanza na kifungu cha anayetoka, halafu cha kipato cha pembeni: mayai, maziwa, bodaboda. Kama vifungu hivyo havimo, waombe wazee wasubiri kikao kingine.

Msalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Baba Eliya